Nafasi ya Baba Penye Chungu

Baba alipoacha kwenda kwenye chungu, aliyeniambia ni kaka yangu, kwa simu, wakati nasahihisha mitihani ya wanafunzi wangu. "Dada, mzee haendi kwa pombe siku hizi," alisema. Binti mwingine angemshukuru Mungu. Mimi niliweka kalamu chini na hofu ikaniingia.

Inabidi nieleze chungu chenyewe, kwa sababu si baa na wala si ulevi, ingawa walevi hawakosekani. Kwetu Osukuru, chini ya vilima vinavyochimbwa mawe ya mbolea, wazee hukusanyika Jumamosi alasiri kuzunguka chungu cha ajono, pombe ya ulezi inayoongezwa maji moto na kunywewa kwa mirija mirefu. Kila kikundi kina mwenyekiti wake na sheria zake. Kila mtu ana mrija wake na mahali pake pa kukaa, na mtu akifa, mahali pake huachwa wazi kwa muda kabla hajakalishwa mwingine. Baba alikaa upande wa mlango wa nyumba yenye zamu, tangu kabla sijazaliwa. Alikosa chungu siku ya mazishi ya mama tu, na Jumamosi iliyofuata alikuwa pale tena, na nakumbuka nilikasirika.

Baba ni Mteso. Mama alikuwa Msamia wa Masinya, upande wa Busia. Walikutana sokoni Busia, kila mmoja haelewi lugha ya mwenzake, wakachumbiana kwa Kiswahili cha mpakani na wakatulea kwa hicho hicho. Kaka yangu akaenda kufungua duka la vipuri ng'ambo, Busia ya Kenya, na huko akajiongezea lugha ya vijana ambayo hata mimi huwa naikisia tu. Mimi nikaishia darasani. Nafundisha katika chuo cha walimu mjini Tororo, somo la makuzi: jinsi hisia za binadamu zinavyoota, zinavyokomaa, na jinsi anavyojifunza kuishi na wenzake, kuanzia siku anayozaliwa mpaka uzee.

Niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilikuwa hivyo kabla sijasoma wasiwasi ni nini, na baada ya kusoma nikawa vile vile, ila sasa nilikuwa na maneno mengi zaidi ya kuuelezea. Simu ikilia asubuhi mapema mimi huanza kulia kabla sijaipokea. Kaka yangu husema ningefaa kuajiriwa na mochari, kwa vile mimi huwa nimeshaomboleza kila mtu.

Siku ile nilijituliza kwa somo langu. Nilimweleza kaka kile ninachowaeleza wanafunzi kila mwaka: mzee anapohisi kwamba muda uliobaki si mwingi, huanza kupunguza watu. Kijana hutaka kujuana na dunia nzima, lakini mzee hubakiza wachache, wale wa karibu kabisa, na moyo wake hutulia kwa sababu hiyo. Ubaoni huwa nachora duara kubwa, ndani yake duara dogo, ndani yake jingine dogo zaidi. Nikamwambia baba yuko kwenye duara la ndani, ni jambo la kawaida, asihangaike.

"Sawa, mwalimu," kaka akasema. "Lakini hao wazee wa chungu si ndio duara la ndani? Sasa amebaki na nani?"

Nilirudi kusahihisha mitihani na nikagundua nimempa mwanafunzi alama ya swali ambalo hakulijibu.

Liko somo jingine kuhusu uzee, na hilo sikumwambia. Linasema kazi ya mwisho ya binadamu ni kugeuka nyuma na kuyatazama maisha yake yote. Akiweza kuyakubali yalivyo, hufa kwa amani. Akishindwa, moyo huingia uchungu na kukata tamaa, na mwili nao hufuata. Huku kwetu hatuhitaji kitabu kwa hilo. Mzee akianza kujitenga, watu husema ameanza kuaga. Wanalisema kwa sauti ya chini, huku wakiangalia kama una shamba la kurithi.

Chuo kilipofunga nikamchukua binti yangu, wakati huo ana miaka minne, tukaenda Osukuru.

Tulimkuta baba nyuma ya jiko. Kigoda chake, ambacho miaka yote kilikuwa mbele ya nyumba kikitazama njia ili asipite mtu bila kusalimiwa na kuulizwa anakokwenda, alikuwa amekihamisha huko na kukigeuza kuelekea kwenye migomba. Alikuwa amevaa koti. Jua lilikuwa kali, malori ya kiwanda cha mbolea yanapita barabarani na vumbi lake linaning'inia hewani, na baba amekaa ndani ya koti zito, mkono mmoja mfukoni. Binti yangu alisimama. Kabla hajamwendea aligeuka akanitazama usoni, kama watoto wote wanavyofanya wasipojua kama kitu ni cha kuogopwa. Huwa tunalifundisha hilo: mtoto mchanga anasoma hofu kwenye uso wa mama yake kabla ya kuisoma mahali pengine popote. Nikatabasamu kwa meno yote. Akamkimbilia babu yake, naye akamkumbatia kwa mkono mmoja.

"Baba, uko mzima?"

"Mimi niko sawa, mama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake mzazi.

"Mbona koti?"

"Nasikia baridi."

Nikatafuta nadharia ya koti, na nikaipata. Majonzi hushusha joto la mwili, nilijiambia, na mjane huvaa nguo nzito kwa kukosa wa kumkumbatia. Sijui niliitoa wapi. Ukiwa na hofu na una elimu kidogo, hutakosa maelezo.

Siku zilizofuata nilimchunguza kama mtu anayelinda maziwa yasichemke yakamwagika. Radio yake ilikuwa imezimwa. Mbuzi alikuwa amempa jirani amtunzie. Chakula alitaka apelekewe ndani, chumbani kwake, na mlango urudishwe. Mimi sikuruhusiwa kukaa naye akila, ila binti yangu hakuwa mtu wa kuambiwa hapana, akawa anaingia na sahani yake na wanakula pamoja humo. Niliwasikia wakiongea. Na mimi nje niliona wivu, nikaona aibu ya kumwonea wivu mtoto, kisha nikarudi kwenye hofu yangu ya kawaida.

Rafiki yake alikuja siku moja. Huyu ni mzee jirani yetu, walichunga ng'ombe pamoja wakiwa watoto, na kwenye chungu vigoda vyao hugusana. Alisimama mbele ya baba, baba akamsalimia kwa kichwa, bila kunyanyuka na bila kumpa mkono. Waliongea juu ya mvua, na juu ya lori lililoanguka kwenye mtaro. Kisha yule mzee akaaga.

Nilimfuata hadi njiani. "Mzee, kuna nini kati yenu?"

"Hakuna kitu."

"Mbona baba haji kwenye chungu?"

"Hiyo utauliza yeye."

"Nimeuliza. Anasema amechoka."

"Basi, ngoja." Akaenda zake na fimbo yake.

Nilichukia lile neno. Ningoje nini? Nilirudi nyumbani nikiwa na uhakika kwamba kuna ugomvi wa mpaka wa shamba, au mtu amemtupia baba neno kuhusu mama, au wazee wote wanajua kwamba anakufa na wamekubaliana kunificha. Nilipofika jikoni nilikuwa nimeshachagua nguo ya kuvaa mazishini.

Ukweli niliupata kwa binti yangu. Ilikuwa mchana, baba amekwenda kujinyoosha kidogo, na mimi na mtoto tumekaa mkekani na ugali wa ulezi na mboga ya kunde. Akanyoosha mkono wa kushoto, akamega tonge.

"Mkono gani huo?" nikamuuliza. Kwetu hakuna mtoto asiyejua jibu la swali hilo.

Akatazama tonge lake. "Babu anakula hivi."

"Babu hali hivyo."

"Anakula. Hii mkono nyingine ya babu imelala." Akachukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaunyanyua, akauweka pajani, akauachia. Alifanya taratibu na kwa makini, kama kitu alichokitazama mara nyingi. Kisha akaendelea kula.

Kila mwaka nawafundisha walimu watarajiwa kwamba mtoto hujifunza kwa kutazama. Haambiwi, hafunzwi, anatazama mtu anayempenda na anafanya kama yeye. Nina mifano mizuri ya hilo, wanafunzi hucheka na kuandika. Siku ile sikucheka. Koti, mkono mfukoni, mlango uliorudishwa, rafiki asiyepewa mkono, mbuzi anayehitaji kufungwa kamba na mtu mwenye mikono miwili, vyote vilikuja pamoja, nikaweka tonge chini.

Jioni nilipompelekea baba sahani sikuondoka. Nilisimama nje ya mlango uliobaki wazi kidogo. Alikuwa anamega kwa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umelala mezani karibu na sahani, na vidole vimejikunja. Mara moja alijaribu kuvifungua. Nilimwona anavitazama na kuvisubiri.

Nikampigia kaka. Sikulia, na hilo ndilo lililomtisha. Kesho yake asubuhi alifika na gari la kuazima kutoka Busia.

"Buda, twende hosi tuangalie hiyo mkono," akasema, bila kuzunguka.

Baba aliniangalia mimi, kisha binti yangu aliyekuwa anachezea tope. "Nani amesema mkono?"

"Mimi," nikajibu.

Hakubisha. Hilo nalo liliniogopesha, maana baba ni mtu wa kubishana hata na saa ya ukutani.

Hospitalini Tororo daktari alikuwa msichana mdogo mpole, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alimpima presha, akampima tena. Akamwambia ashike vidole vyake viwili akaze. Kisha akatueleza. Ni kiharusi, kidogo, na si cha jana, kina miezi. Presha iko juu sana. Dawa ameze kila siku bila kuruka. Mkono ufanyishwe mazoezi, unaweza kupata nguvu kiasi. Asikae peke yake na mawazo. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba kinaweza kurudi, na kikirudi huenda kisiwe kidogo.

Kinaweza kurudi. Nilikaa na maneno hayo njia nzima. Kila gari letu lilipopita kwenye tuta nilimtazama baba kuona kama mdomo wake umekwenda upande.

"Mzee, si ungesema tu?" kaka akamuuliza huku anaendesha. "Unajua vile tumekuwa na tenshen?"

Baba alikuwa anatazama nje.

Kaka akarudi dukani kwake, nami nikabaki na dawa. Baba aliziweka dirishani. Nitameza kesho, alisema, na kesho yake akasema hivyo hivyo. Alikuwa mpole, hakunifokea, na upole huo ndio uliokuwa unanimaliza. Asubuhi nilisimama mlangoni kwake kusubiri akohoe. Akikohoa nilipumua, nikaenda kuwasha moto. Akichelewa kukohoa, nilikuwa naita jina la mama moyoni, sijui kwa nini yeye, labda kumwomba asimchukue.

Siku ya nne au ya tano ya hayo nilishindwa. Nilimwendea nyuma ya jiko nikasimama kati yake na migomba, ili alazimike kuniona.

"Baba, nenda kwenye chungu. Daktari amesema usikae peke yako."

"Nitashika mrija na mkono gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikashangaa kwamba nilihitaji kuelezwa, mimi niliyekulia pale. Kwenye chungu mrija hushikwa kwa mkono wa kulia. Ule wa kushoto ni mkono wa chooni, na kuupitisha juu ya pombe wanayokunywa wote ni kuwaambia wenzako kwamba huwahesabu kuwa watu. Nimeona vijana wakifukuzwa kwa kusahau tu.

"Watakuelewa," nikasema. "Wewe ni mgonjwa."

"Wakielewa ndiyo mbaya." Alisema polepole. "Watanihurumia. Mtu wa kuhurumiwa hapana kaa kwa chungu, mama. Huyo wanapelekea yeye pombe nyumbani, kwa kikombe. Anakunywa kwa kitanda. Mimi nimepeleka hiyo kikombe kwa watu. Najua vile wanaangalia."

Darasani huwa nasema aibu huja mapema. Mtoto anaposimama kwa miguu yake mara ya kwanza ndipo anapojua kwamba anaonekana, kwamba anaweza kuanguka mbele ya watu. Akishikwa vizuri wakati huo, atatembea kwa kujiamini. Asiposhikwa, atajificha. Ni sura ya pili ya kitabu, huwa tunaimaliza kabla ya katikati ya muhula na tunaendelea mbele. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba sura hiyo hufunguka tena ukiwa na mvi, siku mkono unapolala, na kwamba mzee naye atajificha ndani ya koti.

Ningemwambia hayo kwa utulivu. Badala yake nilipiga kelele. "Naogopa," nikamwambia. "Naogopa, baba. Kila asubuhi nasikiliza mlango wako. Utakufa hapa umegeukia migomba na dawa ziko dirishani, na mimi nitafanya nini?" Nilikuwa nalia kamasi, mbele ya baba yangu, mimi mtu mzima mwenye mtoto.

"Hata mimi naogopa," akasema.

Sijawahi kumsikia akitamka neno hilo. Alizika mama, alizika watoto wawili kabla yangu, alipita vita na njaa, na kwake kuogopa lilikuwa jambo la kuku. Akanisimulia. Alikuwa anamfunga mbuzi asubuhi, kamba ikamtoka. Akadhani mkono umekufa ganzi tu. "Nilisema, imelala, itaamka." Jumamosi akaenda kwenye chungu, akashika mrija, ukamtoka mkononi ukaanguka. Akasema ana usingizi, akaaga, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo anausubiri uamke.

Nilikwenda kwa rafiki yake siku ile ile, hasira imenijaa, nimwambie awaeleze wenzake wamruhusu. Nilimkuta anachonga mpini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tunajua," akasema. "Tuliona mrija ikianguka."

"Na hamkumuuliza?"

"Mzee hapana ulizwa mwili wake. Yeye anasema."

"Sasa mimi nimesema."

"Wewe si yeye. Kama anataka chungu, akuje. Aseme na mdomo yake."

"Akija mtamkubali?"

"Chungu iko na sheria yake, mama," akasema, akarudi kwenye mpini wake.

Njiani nilikuwa naongea peke yangu. Niliwaona watu wakatili, vikongwe wenye viburi, wanamwacha mwenzao aoze kwa adabu. Nilipofika nyumbani nikafanya jambo ambalo hata sasa likinijia nashika kifua. Nilimwambia baba: wameona zamani, wote wanajua.

Aliinuka, akaingia ndani, akarudisha mlango. Jioni hakula. Nikasema basi, nimemmaliza, kile kificho kidogo alichokuwa nacho nimekibomoa. Nilimpigia kaka nikamwambia aje Jumapili, na nikasikia sauti yangu ikiwa imeshakauka kama ya mtu aliyefiwa.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana baba alitoka amenawa uso. Hakuwa na koti. Shati alikuwa amelifunga vifungo mwenyewe, sijui kwa muda gani, na kimoja kilikuwa kimekosa tundu lake. Nilitaka kukirekebisha, nikajizuia. "Leta kigoda," akaniambia, akatangulia. Nilimwacha binti yangu kwa majirani nikamfuata, nimebeba kigoda. Alitembea katikati ya njia na mkono wake unaning'inia, kila mtu anauona.

Chungu siku hiyo kilikuwa kwa yule rafiki yake. Wazee walikuwa wamekaa tayari, mirija imeingia, mazungumzo yanaendelea, na upande wa mlango wa nyumba palikuwa wazi. Hakuna aliyesogea kupajaza. Niliweka kigoda pale. Mke wa mwenye nyumba akanipa birika la maji moto, kwa kuwa kuongeza maji ni kazi ya mabinti wa boma, na hivyo nikapata sababu ya kusimama karibu.

Walimsalimia naye akawasalimia. Mwenye nyumba akashusha mrija wa baba kutoka darini, alikokuwa ameuhifadhi tangu siku ulipoanguka, na kumpa. Baba akaupokea kwa mkono wa kushoto. Akauingiza kwenye chungu. Mazungumzo yakakatika.

"Mkono ya kulia imekufa nusu," baba akasema. "Nitakunywa na hii."

Nilisubiri mtu aseme pole. Neno dogo tu. Niliwatazama mmoja mmoja na birika mkononi, na hakuna aliyelisema. Mwenyekiti wao, mzee mrefu mwenye jicho moja jeupe, akauachia mrija wake.

"Hapa kwetu mrija inashikwa na kulia," akasema.

"Najua."

"Na wewe umeshika na kushoto."

"Nimeshika."

"Faini ya hiyo ni jogoo."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kuwaambia juu ya daktari, juu ya presha, kwamba huyu ni mgonjwa wanayemtoza, wana moyo gani. Rafiki wa baba akanitazama ng'ambo ya chungu na kutikisa kichwa kidogo sana. Nikaufunga. Maji ya moto yalinimwagikia mguuni na sikuhisi mpaka baadaye.

Baba alikuwa ameinua uso. "Jogoo?" akasema. "Jogoo ni ya mtu anashika kushoto kwa dharau. Mimi nashika kwa ugonjwa. Hiyo mnaniambia kuku jike, tena mdogo."

"Ugonjwa umekaa nayo nyumbani hujatuambia sisi," mwingine akasema. "Hiyo pia ni kosa. Jogoo."

"Nani alikuja kuniuliza?"

"Nani anauliza mzee?"

"Basi kosa ni yenu nusu. Na nyinyi leteni jogoo."

Wakaanza kusema wote pamoja. Mmoja akakumbusha kisa cha zamani cha mtu aliyevunjika mkono akatozwa bata, mwingine akasema ni uongo, alitozwa kuku jike. Baba aliegemea mbele juu ya chungu akiwabishia, sauti imepanda, mate yanaruka, ule mrija ukiwa umekazwa katika mkono wa kushoto, na sikuwa nimemsikia akibishana na mtu yeyote tangu nifike Osukuru. Nilikuwa nimekuja kuogopa kwamba watamfukuza, kisha nikaogopa kwamba watamhurumia, na sasa nilisimama pale nikiogopa kwamba presha itampanda kwa ajili ya kuku. Hakuna aliyekuwa na habari na mimi.

Mwisho mwenyekiti akagonga chungu kwa kidole. "Ni jogoo moja," akasema. "Lakini inalipa kushoto yote. Ya leo, na ya siku zote, mpaka siku utakufa. Hatutauliza tena."

Wakamgeukia baba. Yeye alivuta mrija kwanza, akameza, akafikiria hesabu yake.

"Mpaka siku nitakufa," akasema. "Basi hiyo jogoo ni rahisi sana. Mimi bado nakaa."